Fundi Anataka Kunihamishia Windows 11, Shemeji Anakataa

Ndugu Mshauri,

Ninaendesha duka dogo la kuchapa, kutoa fotokopi na kuskani hapa Busia, upande wa Uganda, kando ya barabara inayoelekea mpakani. Wateja wangu ni wa kila namna. Wapo wachuuzi wanaovusha bidhaa na kuhitaji karatasi za forodha, wapo vijana wanaojaza maombi ya pasipoti kwenye mtandao, wapo walimu wanaoleta mitihani ya muhula, na wapo wazee wanaokuja na mkataba wa kuuziana kiwanja ulioandikwa kwa mkono, wakitaka uchapwe vizuri kabla mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hajaugongea muhuri.

Kompyuta zangu ni tatu, na zote zinatumia Windows 10 pamoja na Word ya mwaka 2016. Ya kwanza ni ya mezani, kuukuu kuliko zote, na imekaa karibu na mlango. Hiyo ndiyo inayopokea flashi za wateja, kwa sababu niliona kwamba hata ikiharibika hasara yake ni ndogo. Imeandikwa i3-4130 na ina RAM ya GB 4. Ya pili pia ni ya mezani, imeandikwa i5-6500, ina RAM ya GB 8, na ndiyo yenye programu yangu ya hesabu niliyoinunua miaka mingi iliyopita, pamoja na nakala zote za vitambulisho na mikataba ninayowaskania wateja. Ya tatu ni laptopu iliyoandikwa i5-8250U, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, ile aina ya kasi. Hiyo naenda nayo nyumbani jioni, na watoto huitumia kwa masomo na, sitaficha, kwa katuni. Zote tatu zimeunganishwa kwenye ruta moja, na zinachapia kwenye printa moja kubwa iliyofungwa kwenye kompyuta ya pili.

Tangu Oktoba mwaka jana yananijia maandishi kwenye skrini kwamba Windows 10 imefika mwisho. Fundi wa mtaani kwetu amesema ataziweka zote tatu kwenye Windows 11 kwa shilingi 50,000 kila moja, na kwamba anaijua njia ya kukwepa ukaguzi unaozikataa mashine za zamani. Shemeji yangu, ambaye alinisaidia mtaji wa kufungua duka na kwa hiyo neno lake ni zito, anakataa kabisa. Yeye anasema nisiache mbachao kwa msala upitao, kwamba mashine zinafanya kazi kila siku, na kwamba makampuni ya ng'ambo yanatutisha ili tununue vipya.

Kinachonitia hofu zaidi ni yaliyonipata mwaka 2020, tulipokuwa tunatoka Windows 7. Fundi mwingine alichukua kompyuta asubuhi na kuirudisha jioni ikiwa nyepesi kama mpya, lakini hesabu zangu za miaka miwili na picha za mazishi ya baba yangu hazikuwemo tena. Aliniambia kwamba mfumo mpya ndivyo ulivyo, lazima ufute. Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sijui kama alisema kweli.

Naomba uniambie: nikubali, nikatae, au nisubiri? Na kama ni kubadilisha, nitajuaje kwamba safari hii sitapoteza tena?

Mwenye Duka, Busia

*

Dada yangu wa Busia,

Nianze na lile lililokuuma, kwa kuwa ndilo linaloamua kama utaweza kuusikiliza ushauri mwingine wowote. Fundi yule wa mwaka 2020 hakukuambia kweli. Kuna njia mbili za kuweka Windows mpya. Ya kwanza ni kupandisha toleo juu ya lile lililopo, ambapo mafaili, programu na mipangilio yako hubaki pale pale, na mfumo wa zamani huwekwa pembeni kwa siku kumi ili ukitaka kurudi nyuma urudi. Ya pili ni kuifuta diski yote na kuanza upya kama shamba lililochomwa moto. Mafundi wengi huipenda njia ya pili kwa sababu ni ya haraka na kompyuta hutoka ikiwa nyepesi, na hakuna ubaya katika kuitumia, mradi mwenye mali ameulizwa na nakala ya vitu vyake imetolewa kwanza. Wewe hukuulizwa. Kilichofuta hesabu zako na picha za mazishi ya mzee ni mkono wa mtu, na ninakupa pole, lakini usiibebeshe Windows 11 deni la fundi yule.

Sasa nije kwa shemeji, ambaye methali yake ni nzuri na hoja yake ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba Windows 10 haikuzimwa. Ilitoka mwezi Julai 2015, na kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya bure ya usalama, yaani viraka ambavyo Microsoft ilikuwa ikivituma kila mwezi kuziba matundu yanayogunduliwa. Kompyuta zako zitaendelea kuwaka, kuchapa na kuingia mtandaoni kama jana, na mtu akikuambia kwamba zitajifunga siku fulani, huyo anakutisha. Lakini matundu hayaachi kugunduliwa kwa sababu viraka vimekoma. Mbachao wa shemeji bado unakalika, ila umeanza kutoboka, na kila mwezi tundu huongezeka bila mtu wa kushona. Word yako ya 2016 nayo ilifikia mwisho siku hiyo hiyo, jambo ambalo watu wengi hawalitaji, na kwa duka linalofungua nyaraka za wageni kutwa nzima si jambo dogo.

Nikupe mfano mmoja, kwa sababu unafanana mno na mpangilio wa duka lako. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150, kikidai malipo ili kuyafungua, na hospitali za Uingereza zililazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Kirusi hicho hakikuhitaji mtu abonyeze kitu chochote. Kilipita kwenye ile huduma ya Windows inayoziwezesha kompyuta za mtandao mmoja kugawana mafaili na printa, kikaruka kutoka mashine moja hadi nyingine. Kiraka chake kilikuwa kimekwisha kutolewa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, na wale ambao mifumo yao ilikuwa mizee kiasi kwamba haikuwa ikiletewa viraka tena.

Itazame sasa kompyuta yako ya mlangoni. Umeiweka ipokee flashi za watu kwa hesabu kwamba ikifa hasara ni ndogo, na hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama ingesimama peke yake. Lakini imeunganishwa kwenye ruta moja na ile yenye hesabu za duka na vitambulisho vya wateja, tena zinagawana printa. Hapo umemweka mlinzi dhaifu kuliko wote kwenye lango, kisha ukampa ufunguo wa chumba cha ndani. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo lako kubwa, na lingekuwepo hata kama Windows 10 ingeendelea kuletewa viraka kwa miaka mingine mitano. Ndiyo maana sitakujibu kwa neno moja kuhusu kompyuta zote tatu, kama alivyofanya fundi na kama alivyofanya shemeji. Kila moja ina kazi yake na umri wake, na jibu lake ni la peke yake.

Kwanza ujue kinachopimwa. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ndani ya mashine, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha nane. Kizazi unakisoma mwenyewe kwenye namba inayofuata mstari mdogo: i3-4130 ni kizazi cha nne, i5-6500 ni cha sita, na i5-8250U ni cha nane. Kwa hiyo, bila kumwita mtu yeyote na bila kutoa shilingi, tayari tunajua kwamba laptopu inaingia na zile mbili za mezani haziingii.

Fundi anasema anaijua njia ya kukwepa ukaguzi, na simkatalii, kwa maana njia hizo zipo na zinajulikana. Swali ni unanunua nini. Microsoft wenyewe wanasema kwamba mashine isiyotimiza masharti haina ahadi ya kuendelea kupata masasisho, na masasisho ndiyo sababu pekee ya wewe kuhama. Utakuwa umelipa shilingi 100,000 kwa mashine mbili ili uondoke kwenye mfumo usio na viraka na kuingia kwenye mfumo ambao viraka vyake vinaweza kukatika siku yoyote, huku ile ya GB 4 ikikokota mzigo mzito kuliko wa kwanza. Tena muulize anatumia ufunguo gani wa Windows. Kupandisha toleo kutoka Windows 10 halali kwenda 11 ni bure, kwa hiyo asikutoze ufunguo, na kama atatumia kiprogramu cha kuvunja ulinzi ili Windows ijione imelipiwa, ujue kwamba vijiprogramu vya namna hiyo ni miongoni mwa njia ambazo virusi huingilia. Ufundi wake ni halali kulipwa. Mlipe kwa kazi iliyo na faida kwako.

Laptopu ihamishie Windows 11, wala usisubiri sana. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha bonyeza Enter, na utaonyeshwa kama TPM ipo na ni toleo gani. Ikisema haipo, usikate tamaa, kwani mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ambako kwa mashine za Intel huandikwa PTT. Hapo nakuonya juu ya jambo moja ambalo limewaliza wengi. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni diski zake zimefungwa kwa msimbo bila mwenyewe kujua, na ukigusa mipangilio ya TPM inaweza kukudai ufunguo wa kufungulia, wenye tarakimu 48. Kabla fundi hajaingia kwenye BIOS, mwambie akuonyeshe kama diski imefungwa, na kama imefungwa auchukue ufunguo huo kwanza. Kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha mashine, na kama laptopu uliinunua ikiwa imetumika, akaunti hiyo huenda si yako, jambo ambalo ni bora ulijue sasa kuliko usiku wa manane.

Upakuaji wake ni wa GB kadhaa, zaidi ya GB 5 ukichukua faili zima, kwa hiyo nunua bando la usiku au nenda penye Wi-Fi ya kuaminika. Laptopu ina betri, na hiyo ni bahati, kwa sababu umeme wetu unaujua. Ijaze hadi juu, uiache kwenye chaja, na usiianze kazi hii siku yenye radi. Ikimaliza, itumie kwa siku saba kabla ya kufuta chochote: chapa, skani, fungua mitihani ya walimu wawili watatu. Kama printa imegoma au kuna kitu kimekuudhi, zile siku kumi za kurudi nyuma bado unazo. Na tafadhali wafungulie watoto akaunti yao ya kuingilia isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Katuni ziendelee, lakini zisiendelee ndani ya akaunti yenye nyaraka za duka.

Kompyuta ya pili, ile ya i5-6500, ndiyo iliyonifikirisha zaidi, kwa kuwa ndani yake mna roho ya duka na haiwezi kuhama kihalali. Kwa hiyo nakushauri uinunulie muda. Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya nyongeza ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kuna njia tatu za kuingia: kulipa dola 30 mara moja, ambazo ni zaidi kidogo ya shilingi 100,000, kutumia pointi 1,000 za zawadi za Microsoft, ambazo sidhani kama unazo, au kukubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, na hiyo haina malipo. Chukua ya tatu. Lazima mashine iwe kwenye toleo la 22H2, ambalo utaliona ukiandika winver mahali pale pale ulipoandika tpm.msc, kisha kiungo cha kujiandikisha hutokea kwenye ukurasa wa Windows Update. Akaunti moja inahudumia hadi kompyuta kumi. Mpango huu umekusudiwa watu binafsi, na kompyuta zinazosimamiwa kwa mitambo ya makampuni hazikubaliwi. Makampuni yana mpango wao, wa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka unaofuata. Mashine yako ambayo haijaunganishwa na mtambo wowote wa ofisi haizuiwi kujiandikisha.

Huo muda si wa kukaa. Ni wa kuweka akiba ya kompyuta nyingine, na wala haihitaji kuwa mpya kutoka dukani. Zipo nyingi zilizotumika zinazouzwa Kampala na hata kwenye miji midogo, na sasa unajua kuzisoma: usinunue kitu cha Intel kilicho chini ya kizazi cha nane, hata kikipakwa mafuta kikang'aa vipi, na ukibahatisha chenye SSD utaona tofauti kuliko ukiongezewa RAM. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na akuonyeshe ile TPM. Programu yako ya hesabu, hata kama ni ya biti 32, yaani ya muundo wa zamani, kwa kawaida huendelea kufanya kazi ndani ya Windows 11. Kinachosumbua zaidi ni draiva ya printa, yaani kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa. Windows 11 haina toleo la biti 32, na draiva za biti 32 haziingii kabisa, kwa hiyo kabla ya kununua chochote hakikisha mtengenezaji wa printa yako ana draiva ya biti 64. Laptopu itakuwa imekujibu swali hilo mapema, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nayo.

Juu ya zile nakala za vitambulisho na mikataba, nina neno ambalo hukuliuliza. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee wala kufikiwa na wasiohusika, na pakitokea uvujaji aiarifu mamlaka. Sheria hiyo haimhusu mwenye benki peke yake. Mzee aliyeskaniwa mkataba wa kiwanja mwaka juzi hana haja tena na nakala iliyobaki kwenye mashine yako, na mwizi wa viwanja anaihitaji sana. Futa kila faili la mteja baada ya muda mtakaokubaliana, juma moja au mwezi mmoja, na ubandike tangazo ukutani ili asije mtu kukudai baadaye. Utashangaa pia jinsi diski itakavyopumua.

Imebaki ile ya mlangoni. Mashine ya kizazi cha nne yenye RAM ya GB 4 imefika mwisho wa safari yake na Windows, lakini haijafika mwisho wa maisha. Iwekee Linux, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows. Ninapendekeza Linux Mint, toleo jepesi la Xfce, ambalo halilipiwi, linapata viraka vyake lenyewe, na toleo la 22 litaendelea kuvipata hadi mwaka 2029. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, kazi iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo la Ubuntu ni lile lile neno letu la utu, ambalo majirani zetu wa kusini wamelitia kiambishi chao, na kila nikiliona kwenye skrini hujiona niko nyumbani. Faida yake kwako ni kwamba virusi vinavyosafiri kwenye flashi za wateja karibu vyote vimetengenezwa kuishi ndani ya Windows. Vikiingia Linux vinakuwa kama samaki aliyetupwa barabarani: yupo, lakini haogelei. Mteja akileta PDF au picha, unachapia hapo hapo. Maombi ya pasipoti na fomu nyingine za mtandaoni hujazwa kwenye kivinjari kama kawaida.

Kasoro yake nayo nisiifiche, hasa kwa duka la kuchapa. Linux haina Word ya Microsoft. Inakuja na LibreOffice, ambayo hufungua nyaraka za Word lakini mara nyingine huhamisha mistari, majedwali na namba za kurasa, na mwalimu ambaye mtihani wake umeruka kurasa hatataka kusikia habari za utu. Kazi za Word zinazohitaji kurekebishwa zipitie kwenye laptopu, baada ya kukaguliwa kwa kinga ya virusi, na wafundishe wateja wako wa kudumu kuleta PDF. Kabla ya kufuta chochote, mwambie fundi aiwashe Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, kwani inawezekana, kisha mjaribu printa na skana kwa siku nzima. Zikikubali, asakinishe. Zikikataa, iondoe kompyuta hiyo kwenye ruta kabisa, na ibaki ya kuandikia barua tu bila mtandao na bila flashi za wageni.

Kila nilichosema kinategemea nakala, na hapa sitaki mkato. Nunua diski mbili za nje, au diski moja na flashi kubwa moja. Nakili hesabu, barua, picha, kila usichotaka kukililia tena, kwenye zote mbili. Kisha zichomeke kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili kumi hivi wewe mwenyewe, kwa sababu nimeona watu waliotunza kwa miaka nakala ambayo ndani yake mlikuwa na folda tupu. Programu ya hesabu ina namna yake ya kutoa nakala, na mara nyingi faili lake halikai pamoja na nyaraka nyingine, kwa hiyo litafute ndani ya programu yenyewe. Diski moja ikae dukani na nyingine nyumbani.

Fanya kazi hii juma la utulivu. Wiki ya kwanza ya muhula na wiki ya mitihani usiguse kitu. Anza na laptopu, ikitulia nenda kwenye usajili wa kompyuta ya pili, na ya mlangoni iwe ya mwisho. Unapomkabidhi fundi mashine yoyote, muulize mbele ya shemeji: unapandisha toleo au unafuta diski? Akijibu kwa kusitasita, chukua mashine yako urudi nayo.

Zile tarakimu 48 za laptopu, pamoja na jina la akaunti ya Microsoft, ziandike kwa kalamu kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma kabisa. Daftari hilo ndilo kitu pekee dukani ambacho nina hakika hukipotezi.